Panya wa Mjomba

Faridi alirithi jina la mjomba wake kwa njia ya simu. Kijiji cha Likunja, kule Ruangwa, hakikuwa kimewahi kuona kituko cha namna hiyo, lakini waliokifanya ni watu wa Likunja wenyewe, kwa hiyo hawana wa kumlaumu. Mzee Bilali alipofariki, ukoo ulikaa kumtafuta mrithi, na kwa kuwa kule mtu hurithiwa na mtoto wa dada yake, jina lilimwangukia Faridi, mtoto wa kiume wa dada mkubwa. Faridi alikuwa Ujerumani. Wazee wakaweka kigoda uani, wakaweka simu juu ya kigoda, wakakifunga kigoda kitambaa cheupe na kukinyunyizia unga, kisha Bibi Hadija, mkubwa wa wanawake wa ukoo, akakiambia kwamba kuanzia leo wewe ndiye Bilali, sisi sote ni wako. Kigoda kikajibu kwa sauti ya kukatikakatika kuwa kimekubali, ila kinaomba radhi, kinawahi kikao.

Sasa kiti cha mjomba si cha kukalia tu. Mjomba ndiye mwenye neno. Binti akiposwa, husubiriwa neno la mjomba. Vijana wakipelekwa jando, ni neno la mjomba. Na mgonjwa akitakiwa kupasuliwa, hata kama daktari ameshika kisu mkononi, wenye mgonjwa watamwomba avute subira, mjomba hajasema. Marehemu Bilali alikuwa mkulima wa korosho na kwa habari za hospitali neno lake lilikuwa moja: pelekeni. Alilitoa kabla hujamaliza kumweleza nani anaumwa na anaumwa nini. Mrithi wake alikuwa na elimu kubwa zaidi, kwa hiyo alihitaji muda mrefu zaidi.

Faridi alikuwa daktari. Neno hilo linahitaji maelezo, na aliyepaswa kuyatoa ni yeye mwenyewe, tena mapema, lakini hakuyatoa. Alikuwa daktari kwa sababu alisoma mpaka vitabu vikaisha. Sindano aliijua, ila hajawahi kumchoma mtu. Kazi yake ilikuwa panya.

Katika jengo alilofanyia kazi kulikuwa na vyumba viwili. Chumba cha kwanza walikaa panya waliobadilishwa vinasaba ili mishipa yao ya damu izibe kwa mafuta kama ya bwana mkubwa wa ofisini, ingawa hawakuwahi kuonja chipsi wala kuendesha gari. Chumba cha pili walikaa panya waliopandikizwa jeni ya kuleta uvimbe, kiasi kwamba jike akishavunja ungo tu, uvimbe unaota kwenye maziwa yake. Faridi na wenzake, ambao walikuwa wengi wa kutosha kujaza basi, walikuwa wamevichanganya vyumba hivyo, wakawazalisha panya wa huku na wa kule. Waligundua kwamba uvimbe hauwezi kukua mpaka ujioteshee mishipa yake wenyewe ya kunyonyea damu, na kwamba panya akizaliwa bila jeni fulani ya kuotesha mishipa hiyo, uvimbe wake hukosa chakula na kunywea.

Ni jambo kubwa na hakuna anayelibishia. Huenda siku moja mtoto wa mtu atapona kwa sababu yake. Lakini siku moja si leo, panya si mtu, na jeni iliyoondolewa kabla kiumbe hakijazaliwa si dawa ya kumpa mwanamke wa Nambambo ambaye ameshazaliwa zamani, ameolewa na ana wajukuu. Faridi alilijua hilo kuliko mtu yeyote kati ya Ruangwa na Nachingwea.

Mwanamke huyo wa Nambambo aliitwa Mwantumu, na alikuwa dada yake wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyembeba Faridi mgongoni wakati mama yao yuko shambani, na ndiye aliyemfundisha kusema shikamoo. Tangu Faridi arithi jina, Mwantumu alimwita Mjomba na kumwamkia yeye. Mara ya kwanza Faridi aliona haya. Mara ya tatu alizoea.

Msimu ule watu wanapalilia ufuta, Mwantumu alikwenda Likunja kwa wazee, akampigia simu kutoka uani kwao. Alikuwa ameoga, akapapasa, akakuta kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kiasi cha korosho. Nesi wa zahanati ya Nambambo alimshika mara moja tu, akamwandikia cheti cha rufaa, akamwambia aende hospitali kubwa ya Nachingwea wiki hiyohiyo. Mwantumu alikuwa tayari kwenda. Alichokuwa anaomba ni neno la Mjomba, ili mambo yaende kwa utaratibu.

Faridi alikuwa amesimama kwenye ujia wa maabara, koti jeupe mwilini, kisanduku cha panya kwapani. Neno lililotakiwa alikuwa analijua. Alikuwa amelisikia kwa marehemu tangu utotoni, na lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi. Ndipo akasikia, upande wa pili wa simu, Bibi Hadija akiwanyamazisha wanawake waliojaa uani: nyamazeni, daktari anataka kusema. Uwanja mzima ukanyamaza. Huko Ujerumani hakuna mtu aliyewahi kunyamaza kwa ajili ya Faridi. Vikaoni alikuwa anapewa nafasi mwishoni, wenzake wakiwa wameshaanza kukusanya vikombe vyao.

"Msimkate," alisema. "Uvimbe ndiyo kazi yangu mimi. Msimpeleke popote, nakuja mwenyewe."

Vigelegele vilivyopigwa vilimfikia mpaka kule kwenye baridi, na panya ndani ya kisanduku wakashtuka. Hapo ndipo Faridi alipostahili kofi, na bahati mbaya hapakuwa na wa kumpiga.

Ulimi hauna mfupa, na ahadi ya kwenye simu haina nauli. Alikusudia kuja mvua zitakapokatika. Mvua zikakatika, lakini panya wake wakawa wamezaa, na watoto wa panya wale ilibidi wakatwe kipande cha mkia mmojammoja, wapimwe nani amerithi jeni na nani hakurithi. Baada ya hapo kukawa na mkutano wa wataalamu katika mji wenye ziwa. Baada ya mkutano, makala yao ikarudishwa na wahariri ifanyiwe marekebisho. Kila mara alituma ujumbe wa sauti kuwataka wasubiri kidogo. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Hawakusema ni tumbo la nani.

Kule nyumbani ufuta ulivunwa, ukauzwa, mikorosho ikatoa maua. Kilichokuwa korosho kikawa kiasi cha bibo. Shamimu, binti wa Mwantumu, ambaye husuka watu nywele pale Nachingwea mjini na ana mdomo wake, alikwenda Nambambo akamshika mama yake mkono ili wapande gari. Bibi Hadija na wenzake wakafunga safari kutoka Likunja kuja kumkalisha Shamimu kitako. Walimuuliza kama anajua zaidi ya mwenye jina. Walimuuliza kama anataka mama yake afie mezani kwa watu baki, na daktari wa damu yake yuko njiani. Shamimu aliwajibu kuwa huyo daktari yuko njiani tangu kupalilia. Wakamwita hana adabu, na mama yake akamwomba anyamaze.

Kisha ikaja habari ya redio. Mtangazaji mmoja alimpata Faridi kwa simu na kumhoji, na kesho yake mikoa ya kusini ikatangaziwa kuwa mtoto wa Ruangwa ameponya uvimbe. Faridi alipotumiwa kipande kile aliona wameondoa neno panya. Alikumbuka vizuri kwamba alilisema, mara moja, kwa sauti ya chini, katikati ya sentensi mbili ndefu. Alifikiria kuwaandikia wasahihishe. Akakisikiliza tena kipande, akaona mtangazaji ana sauti nzuri kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa anasifiwa mikoa miwili kwa mpigo.

Alifika mwezi wa kumi, mabibo yameiva na Likunja yote inanuka utamu wa mabibo yaliyochacha. Alivaa suti. Abdalah, binamu yake mwenye gari la Noah, ndiye aliyempokea Ruangwa mjini, akamleta huku anapiga honi kila kitongoji. Watu walikuwa wameshakaa chini ya turubai. Mbele kabisa, kwenye mkeka wa peke yake, walikuwa wamemkalisha Mwantumu, amevalishwa khanga mpya, kama kifaa kitakachotumika kwenye maonyesho. Faridi aliona jinsi dada yake anavyouweka mkono wa kushoto mbali na ubavu. Akatazama pembeni, akawapungia watu.

Alipewa nafasi ya kusema, na alisema vizuri, hilo lazima akubaliwe. Aliwaeleza kuwa uvimbe ni mwizi wa maji: anajiunganishia bomba lake kwenye bomba la mtaa, watu wengine wanakosa, yeye ananenepa. Wataalamu wengine wanahangaika na mwizi. Yeye na wenzake wanaziba bomba. Watu waliguna kwa kuridhika, maana pale kila mtu anamjua mtu mwenye bomba la wizi.

Ndipo mzee mmoja akataka kujua hao panya wanatunzwaje. Faridi, ambaye bomba lake lilikuwa limeshafunguka, akaeleza. Panya wake wanalala nyumba yenye hewa ya kupozwa. Maji yao yanachemshwa. Mtu haingii kwao mpaka abadilishe viatu. Kila wiki wanapimwa uzito na uvimbe wao unapimwa kwa rula maalumu. Wakichomwa kitu chenye maumivu wanapewa dawa ya ganzi kwanza, na kabla panya hajaguswa kuna kamati inakaa, wasomi watupu, kujadili kama ni haki kumgusa. Kijana mmoja nyuma akasema huko panya ana maisha kuliko diwani. Bibi Hadija yeye aliuliza kwa dhati kabisa utaratibu wa mtu kuandikishwa upanya ukoje, na kama wanachukua wazee.

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Mwantumu naye alicheka, akashika ubavu.

Kikaletwa chakula. Kwa mgeni wa heshima kama huyo ukoo haukuweza kuleta kuku, kuku ni wa kila mtu. Vijana walikuwa wamechimba mashambani, wakawapata samaki nchanga wa kutosha, na mtu asiyejua samaki huyo anaishi wapi atazame mashimo ya panya kwenye shamba la muhogo. Walikuwa wamebanikwa kwenye vijiti, wamekaushwa vizuri, mikia yao bado ipo. Utotoni Faridi alikuwa bingwa wa kuwafukua na bingwa zaidi wa kuwatafuna. Sasa alikitazama kijiti, na kwa kuwa kwa miaka mingi hakuwahi kumshika panya bila glavu, akakisogeza kando. Akasema ana vidonda vya tumbo.

Kukataa samaki nchanga wa ukoo wako, tena siku ya kuja kuonyesha uso kwa jina ulilorithi, ni tusi ambalo watu hulikumbuka mpaka kwenye maziko yako. Aliyemwokoa ni Abdalah. Alisimama akawauliza wale wazee kama wamewahi kumwona daktari yeyote anakula wagonjwa wake. Hawajawahi. Basi wamwache. Hoja ilipita bila kupingwa, na vijiti vya mgeni vikagawanywa kwa walio karibu.

Asubuhi Bibi Hadija alimwingiza Faridi chumbani kwa ajili ya kazi iliyomleta. Faridi alijaribu kusema kwamba huyu ni dada yake, kuna mambo ya staha. Bibi alimjibu kwamba daktari hana dada, akatoka, akaurudishia mlango. Ndani wakabaki watatu: Mwantumu kitandani, Shamimu amesimama dirishani, na Faridi na suti yake.

Mwantumu akafungua khanga.

Faridi hakuhitaji kuwa daktari wa watu kujua anachokiona. Alikuwa amekiona mara nyingi sana, kidogo, chini ya manyoya. Ngozi ilikuwa imevutwa kwa ndani na kufanya vishimo vidogovidogo. Chini ya kwapa kulikuwa na vingine, vigumu, vimeshikana. Akili yake, iliyozoea kazi, ikaenda yenyewe kwenye sheria ya kule maabara, iliyobandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu. Panya yeyote mwenye uvimbe uliofikia punje ya karanga haachwi mpaka kesho. Hakuna kusema jaribio halijaisha, hakuna kusema mwenye panya amesafiri. Siku hiyohiyo lazima kitu kifanyike, asiteseke. Mwenzake mmoja aliwahi kusahau panya mmoja mwishoni mwa juma, akaitwa mbele ya kamati kujieleza na akafungiwa mlango wa maabara. Faridi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokunja uso kwa hasira siku ile. Alisema ni ukatili.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliogopa, na aliona aibu, na kwa mara ya kwanza tangu avae jina la mjomba wake alitamani kulivua.

"Dawa umekuja nayo, Mjomba?" Mwantumu aliuliza.

Akaanza kumweleza. Alimwambia kwamba si dawa hasa, ni kitu kinachoondolewa kabla ya kuzaliwa, ni njia ya kuelewa, ni hatua za awali. Mwantumu alimsikiliza kwa uso uleule aliomsikilizia zamani akieleza jinsi mtungi ulivyojivunja wenyewe.

"Wale panya uliowaponya," alisema, "sasa hivi wako wapi?"

"Tuliwaua."

"Uvimbe uliwarudia?"

"Hapana. Walikuwa wamepona. Tuliwaua ili tuwapasue, tuone kama wamepona."

Mwantumu alifikiri kidogo, huku anajifunga khanga yake.

"Basi afadhali ulivyochelewa," alisema.

Alicheka peke yake, kwa upole, kama anayemtoa mtoto woga. Shamimu hakucheka. Alimwambia mjomba wake maneno machache tu, kwamba atoke nje hapo akawaambie wale watu alichowaambia wao humu ndani: kwamba yeye ni mtu wa panya, kwamba hana dawa, na kwamba aliyemchelewesha mama ni yeye. Faridi alikubali. Alikubali kwa moyo wake wote, tena machozi yalikuwa yanamlengalenga, na kama uwanja ungekuwa mtupu pengine angesema.

Lakini uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwa wamekaa vilevile kama jana, na wengine wameongezeka, wameshikilia watoto wenye vitovu vilivyovimba na wazee wenye miguu mizito, wanasubiri zamu zao. Alipotokea mlangoni wakanyamaza. Kile kimya kikampanda kichwani kama pombe ya mabibo.

"Nimempima," alisema. "Nimeona ni vyema nishirikiane na madaktari wenzangu wa Nachingwea."

Vigelegele vikapigwa. Bibi Hadija akatamka kwamba huo ndio ukubwa, mtu kujua na bado kushirikisha wengine. Neno la Mjomba likawa limetoka, lilelile moja la marehemu, ila limekuja likiwa limevaa suti, na limekuja korosho zinadondoka.

Abdalah aliwaendesha mpaka Nachingwea. Njiani Mwantumu alilala, kichwa begani kwa bintiye, na kila gari liliporuka kwenye shimo alikunja uso bila kufumbua macho. Faridi alikaa mbele. Aliitunga sentensi yake tangu Ruangwa mjini mpaka walipoyaona mabati ya Nachingwea, akaipunguza, akaisafisha, mpaka ikabaki fupi na ya kweli: mimi ndiye niliyewaambia wasubiri. Aliirudia moyoni mpaka akaanza kujisikia mtu mwema.

Daktari aliyewapokea aliitwa Kornelia, msichana wa kwao hukohuko, aliyekulia karibu na misheni, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimwingiza Mwantumu nyuma ya pazia na hakukaa naye sana. Alipotoka aliwaita wote ofisini, akawakalisha, akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha aliwaambia bila kuzungukazunguka. Uvimbe umeshatoka kwenye titi, umeingia kwapani, na haijulikani kama umeishia hapo. Atakata kinyama kidogo kipimwe, na itabidi mama aende Dar es Salaam. Kuna mambo yanaweza kufanyika na atayahangaikia, ila hawezi kuwaahidi. Akakishika kile cheti cha zahanati, kimekunjwakunjwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa, akasema kwamba wangekuja kilipoandikwa wangekuwa na mazungumzo mengine kabisa leo. Pengine mama angekuwa ameshapona anapalilia.

"Nani aliwaambia msubiri?" aliuliza.

Ukutani kulikuwa na picha ya mama anayenyonyesha, na Faridi aliitazama sana. Sentensi ilikuwa tayari. Alikohoa kuisafishia njia. Shamimu alikuwa amemkazia macho, ameshaanza kufungua mdomo ili kama yeye hasemi aseme mwenyewe, na Mwantumu akamwekea bintiye mkono juu ya goti, akaukandamiza.

"Ni mimi mwenyewe," alisema Mwantumu. "Niliogopa kisu."

Dk. Kornelia akavuta pumzi. Hakumtukana, alimsema tu, na alimsema kwa muda mrefu, kwa uchungu wa mtu anayepokea wagonjwa wa namna hiyo kila wiki. Alimuuliza kama alikwenda kwa mganga, na Mwantumu, ambaye maishani mwake hakuwahi kukanyaga kwa mganga, akaitikia kwa kichwa. Alimuuliza kama walimpaka madawa ya mizizi, akaitikia tena. Alimuuliza kama anajua kwamba angewaachia watoto wake kilio cha bure. Mwantumu alisema anajua, na kwamba ni ujinga wake. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake haukutoka kwenye goti la Shamimu.

Faridi alikuwa na nafasi wakati wote huo. Kila daktari alipotua kuvuta pumzi palikuwa na mwanya wa kutosha kuipitisha sentensi fupi. Alijiambia ataisema akimaliza. Alijiambia kuwa kumkatiza mtaalamu kazini si ustaarabu. Na kwa mbali sana, mahali ambapo hata yeye hakupenda kutazama, alihisi nafuu ikimwingia taratibu, kama mtu aliyewekwa kivulini.

Ndipo Dk. Kornelia akamgeukia. Aliiona ile suti, akalikumbuka jina alilotajiwa mlangoni, akamuuliza kama si yeye aliyehojiwa redioni. Faridi akakiri. Uso wa yule daktari ukalainika, sauti yake ikashuka ikawa ya mtu anayezungumza na mwenzake, kana kwamba mgonjwa hayupo, ingawa yupo. Akasema anaona fahari, na kwamba wao huku wamechoka.

"Daktari, wewe umeona mengi huko," alisema. "Hawa watu wetu tuwafanyeje?"

Shamimu alimtazama mjomba wake. Mwantumu hakumtazama.

"Elimu," alisema Dk. Faridi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Elimu bado ni ndogo sana huku vijijini."

Dk. Kornelia akaafiki, akavuta kalamu, akaanza kuandika rufaa ya Dar es Salaam. Mwantumu akaiweka khanga yake vizuri begani. Akamshukuru daktari, kisha akamgeukia Mjomba, akamshukuru na yeye.